Butahu: namna ya kupanga matembezi ya siku moja kando ya mto wa Ruwenzori

Mto Butahu (wengine wanaandika Butawu) unashuka upande wa magaribi wa mlima Ruwenzori, unapita karibu na Mutwanga katika teritori ya Beni, kisha unaingia katika mto Semliki. Kutoka hapo maji yake yanaenda ziwa Albert, na mwisho yanafika Nile. Katika bonde la mto huo kuko njia ya miguu ya zamani ambayo inatoka Mutsora, kituo cha mbuga ya Virunga kilicho pembeni ya Mutwanga, na kupanda mpaka chini ya barafu. Safari nzima ya kufika juu inachukua siku nyingi. Lakini kipande cha chini, kile cha mashamba na pori la kwanza, kinaweza kutembelewa kwa siku moja kama kikundi kimejipanga vizuri.

Njia hiyo haikuanza jana. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa bonde hilo mpaka zaidi kidogo ya mita 4 000, akarudi bila kufika kwenye barafu. Mwaka 1932 kikundi cha wataalamu wa Ubelgiji kilichoongozwa na Xavier de Grunne kilipita upande huo huo wa Congo. Majina yao yameandikwa katika vitabu. Ya wale waliobeba mizigo yao hayakuandikwa mara nyingi. Na kabla ya hao wote, Banande wa milimani walikuwa wanapanda na kushuka wakitafuta kuni, asali na nyama, bila mtu kuita hiyo "matembezi".

Hata leo mama mmoja wa Mutwanga anaweza kupanda kwa shamba lake asubui na kushuka magaribi na kitunga cha mihogo mgongoni, na mtu wa Beni ao wa Butembo akamwangalia akifikiri kwamba njia ni nyepesi. Hapo njo shida inaanza. Yule mama anajua kila jiwe, anajua wakati mvua inatoka upande gani, na anajua kurudi mbele ya saa. Wanafunzi, wanakwaya ao kikundi cha vijana wanaokuja siku ya posho na muziki na chakula hawana ujuzi huo, na ni lazima watafute kuupata kwa njia ingine.

Kuuliza kwanza

Kabla ya viatu, kabla ya chakula, kuko swali moja: njia iko wazi ao imefungwa? Teritori ya Beni imekuwa na vita na mauaji ya waasi wa ADF kwa miaka mingi, na sekta ya Ruwenzori iliguswa sana. Tangu Mei 2021 majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwisho wa Novemba mwaka huo jeshi la Congo na la Uganda walianza kushirikiana katika mapigano. Mbuga ya Virunga yenyewe imefunga milango kwa watalii mara kadhaa. Habari ya mwezi uliopita haitoshi. Ile ya wiki iliyopita pia haitoshi.

Kikundi kinapaswa kuuliza kwa watu watatu tofauti, siyo kwa mmoja. Wa kwanza ni ofisi ya mbuga Mutsora, sababu sehemu kubwa ya njia iko ndani ya mbuga na hakuna mtu anaruhusiwa kuingia bila ruhusa ya ICCN. Wa pili ni shefu wa mahali pamoja na shirika la raia, ambao wanasikia mambo ya mashamba ya juu mbele ya wengine. Wa tatu ni watu wa barabara, maana yake madereva na wamotari wanaotoka Beni kila siku. Wakisema yote sawasawa, ni vizuri. Kama mmoja anasita, safari inaahirishwa. Mulima hautahama.

Kuko wale wanaosema kwamba ruhusa ni njia ya kula pesa ya watu tu, na kwamba mwenyeji hawezi kuomba ruhusa ya kuona mto wake mwenyewe. Mabishano kati ya mbuga na wakaaji juu ya mipaka ni ya kweli na ya muda mrefu. Mbuga ilianzishwa 1925 wakati wa Wabelgiji, na wakaaji hawakuulizwa. Lakini kwa mtu wa matembezi ya siku moja, ruhusa ina faida ingine: jina lake linaandikwa mahali, na kuko mtu anayejua kwamba bado hajashuka. Anayepita kwa njia ya panya, akivunjika mguu, hakuna anayemtafuta. Na katika pori ambamo walinzi na askari wanatafuta watu wenye silaha, kukutwa bila karatasi ni hatari kubwa.

Malipo yote yafanywe ofisini na risiti itolewe. Bei ya kiongozi wa njia na ya wabeba mizigo ipatanwe kabla ya kuondoka, mbele ya watu, na isemwe wazi kama chakula chao kimo ao hakimo. Kila mmoja abebe kadi yake ya mpiga kura ao karatasi ingine ya kujitambulisha, ndani ya sashe isiyoingia maji.

Wakati gani wa mwaka

Ruwenzori ni mlima wa mvua. Kuko misimu miwili mikubwa ya mvua, ule wa Machi mpaka Mei, na ule unaoanza Agosti ao Septemba mpaka Desemba. Miezi inayofaa zaidi ni Januari na Februari, pia Juni na Julai. Kufaa zaidi haina maana ya kukauka: hata mwezi wa saba mvua inaweza kunyesha juu wakati Mutwanga kuko jua kali. Hiyo ndiyo hatari ya mto wa mlima. Mtu anaoga katika maji safi, mbingu ya bluu juu ya kichwa chake, na mvua iliyonyesha masaa mawili mbele kule juu iko njiani inashuka.

Wakaaji wa mashariki hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Katika Aprili 2020 mto Mulongwe ulipanda Uvira, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritori ya Kalehe, Kivu ya Kusini, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilipigwa na maji, matope na mawe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Kwa Ruwenzori yenyewe, upande wa Uganda, mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na kuharibu mambo mengi Kilembe na Kasese, hospitali ikiwa ndani. Tarehe hizo zinatosha kuonyesha ni miezi gani mtu asipange kukaa kando ya mto wa mlima.

Kuhesabu masaa

Mutwanga iko kwenye kimo cha mita karibu 1 200. Kambi ya kwanza ya njia, Kalonge, iko zaidi kidogo ya mita 2 100. Maana yake ni kupanda mita 900 hivi. Mwaka 1892 Muskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji wengi wanatumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya kuongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, mita 900 zinaongeza saa moja na nusu tu. Ruwenzori haiheshimu kanuni ya Naismith. Kuko matope, mizizi yenye kuteleza, vijito vya kuvuka, na joto la chini ambalo linachosha mbele ya kuingia kivuli cha pori. Kwa kawaida kutoka Mutsora mpaka Kalonge kunahesabiwa masaa matano hivi.

Hesabu ni rahisi. Karibu na ikweta jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubui na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na giza linaanguka upesi. Anayeondoka saa kumi na mbili na nusu na kutembea masaa matano anafika Kalonge karibu na saa sita. Akipumzika nusu saa na kushuka kwa masaa matatu na nusu ao mane, anafika chini saa kumi na nusu. Inawezekana, lakini kwa kikundi cha watu wenye nguvu, walioondoka kwa wakati, bila mvua, bila kijana aliyesahau viatu vyake Beni. Kikundi cha kwaya cha watu ishirini hakitaweza, na hakina sababu ya kujaribu.

Kwa wengi, mpango mzuri ni kupanda masaa mawili na nusu ao matatu, kukaa mahali penye mwangaza, kula, na kurudi. Kalonge siyo zawadi. Kuingia pori, kusikia mto chini, kuona ndege na nyani, hiyo mtu anaipata mbele ya kufika huko. Mwenye bahati anaweza kuona kinyonga mwenye pembe tatu, anayepatikana katika milima hii ya kwetu, ao turako wa Ruwenzori ambaye mabawa yake mekundu yanaonekana anaporuka.

Jambo moja lipatanwe chini, kabla ya kuondoka, wakati kila mtu bado hajachoka: saa ya kugeuka. Saa sita kamili, popote kikundi kimefika, watu wote wanageuka. Siyo "tukifika pale kwa mti mukubwa". Siyo "bado kidogo". Watu wengi waliopata shida milimani walijua kwamba wamechelewa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Kwa ugonjwa wa kimo, ule wa kuumwa kichwa na kutapika juu ya hewa kidogo, mtembeaji wa siku moja hana mengi ya kuogopa; kwa kawaida unaanza juu ya mita 2 500. Baridi ndiyo inayoshangaza watu. Kila mita 1 000 za kupanda zinapunguza joto karibu digri 6. Mtu aliyetoka jasho chini, akanyeshewa juu na kubaki na shati ya pamba iliyolowana, anaanza kutetemeka hata kama yuko ikweta. Akiacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, huyo anahitaji nguo kavu, chai ya sukari na miili ya wenzake karibu naye, mara moja. Pombe haisaidii; inamwongezea baridi.

Maji

Butahu siyo mto wa kuogelea. Maji yanakuja kwa nguvu, ni ya baridi, na mawe yake yanateleza sababu ya majani madogo ya kijani yanayoota juu yake. Watu wengi wanaanguka kwa jiwe wakitaka kupiga picha, siyo kwa kuvuka. Tena maji ya mto huo yanatumiwa: tangu 2013 Mutwanga inapata umeme wa nguvu ya maji, na umeme huo uliwezesha viwanda kama kile cha sabuni ya mawese. Pale penye ukuta, mfereji ao mabomba ya umeme, watembeaji wapite mbali na wasishuke kunawa. Kiasi cha maji mahali kama hapo kinaweza kubadilika bila mvua yoyote.

Kwa vijito vinavyoingia katika mto, kuvuka kunaweza kuwa lazima. Kiongozi anatangulia. Maji yakipita magoti na yakikimbia, kikundi hakivuki. Maji yakiwa na rangi ya udongo mpaka mtu haoni mguu wake, kikundi hakivuki. Mawe yakisikika yanagongana chini ya maji, kama sauti ya ngoma ya mbali, hakuna hata la kujadili. Anayevuka anaangalia upande maji yanakotoka, anatumia fimbo kama mguu wa tatu, anafungua mikanda ya mfuko wa mgongoni ili akianguka mzigo umuache, na havui viatu. Kuvua viatu ili visilowane ni kosa ambalo karibu kila mgeni analifanya.

Kuko alama nne ambazo kila mtoto wa kikundi anapaswa kuzijua kabla ya kuketi kando ya mto. Maji yaliyokuwa safi yanaanza kuwa ya kahawia. Majani na vijiti vingi vinaanza kupita. Sauti ya mto inabadilika, inakuwa nzito. Na ya nne, ambayo inadanganya watu wengi: maji yanapungua ghafula bila sababu. Hapo inawezekana udongo umeanguka juu na kuziba mto, na siku ukuta huo wa udongo utapasuka, maji yatakuja yote kwa mara moja. Kwa alama yoyote ya hizo, watu wanapanda kwenye kilima papo hapo, wakiacha sufuria na muziki. Hawakimbii kufuata mto kushuka, juu maji yanawashinda mbio.

Kikundi kikikatwa na kijito kilichojaa wakati wa kurudi, kinangoja. Kijito cha mlima kinapanda upesi na mara nyingi kinashuka pia kwa masaa machache mvua ikiisha. Kulala porini na njaa kunaleta usiku mubaya na mama anayelia nyumbani, lakini watu wanarudi wakiwa wote.

Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa ya klori, litri mbili kwa mtu mzima. Maji ya mto yanaonekana safi kuliko yale ya robine ya Beni, ila juu kuko wanyama na chini kuko mashamba na mbuzi. Ajuaye kwamba atahitaji kuteka njiani abebe vidonge vya klori na asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Mzigo

Watu wanapenda sana kuongea juu ya mzigo, na kweli siyo mambo mengi. Bote za mpira, zile za wakulima, zinashinda viatu vya michezo kwa matope ya Ruwenzori, mradi soksi ziwe nene na bote zisiwe mpya siku ile. Koti la mvua ao hata kipande cha plastiki. Sweta kavu ndani ya sashe. Torshi yenye batri nzuri kwa kila watu wawili, ijapokuwa mpango ni kurudi mchana. Kamba ya mita kumi na tano. Kitambaa safi, dawa ya vidonda, dawa ya maumivu. Filimbi, sababu sauti ya mtu inapotea katika sauti ya mto lakini filimbi inasikika. Mara tatu ni kuomba musaada. Chakula kisichohitaji moto: chikwange, ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga, mandazi, mua. Ndani ya mbuga hakuna kuwasha moto, kukata miti, kuvua samaki wala kutega, na takataka zote zinarudi chini katika mfuko. Mbuga inalindwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, na walinzi wanaijua.

Nguo zenye rangi ya jeshi zibaki nyumbani. Kwa mahali pengine hiyo ni mtindo tu. Kwa Beni inaweza kumuua mtu.

Suruali ndefu inaingizwa ndani ya soksi juu ya siafu na majani yanayowasha. Mnyama aliyekufa njiani haguswi, haokotwi, hata kama nyama inaonekana mpya. Watu wa Beni waliopita katika Ebola ya 2018 mpaka 2020 wanajua kwa nini.

Telefone ni nzuri kwa picha na saa. Rezo inakuja na kuondoka katika bonde, na haifai kuwa mpango wa kuokoa maisha. Mpango wa kuokoa maisha ni karatasi. Juu yake yanaandikwa majina yote, jina la kiongozi, njia itakayofuatwa, saa ya kurudi, na saa ambayo mtu aliye chini ataanza kutafuta kama hakuna habari. Karatasi moja inabaki Mutsora, ya pili kwa mtu wa familia ao wa kanisa ambaye hatalala bila kuuliza.

Kikundi kisipungue watu wane. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanashuka kutafuta musaada. Hakuna anayetembea peke yake. Kwa kumshusha mtu aliyevunjika mguu, watu wanatengeneza tipoyi kwa fito mbili na makoti, na hapo watu wane wanachoka upesi. Ndiyo sababu ya kumwita kiongozi wa mahali: anajua shamba la karibu lenye watu wenye mabega. Kikundi kikubwa kinagawanywa vipande vya watu wanane hivi, kila kimoja na mkubwa wake, na mwenye mwendo wa polepole anatembea mbele. Akiwekwa nyuma, anapumzika kidogo kuliko wote, sababu wenzake wanasimama kumngojea na wanaondoka mara tu anapofika.

Kwa wale ambao Mutwanga ni mbali ao imefungwa, hesabu hizi za masaa na za maji ni zile zile kwa mito ya Lubero ao kwa vilima vya Kivu ya Kusini. Mlima Kahuzi wenye mita 3 308, katika mbuga ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa 1970, unapandwa kutoka upande wa Tshivanga wakati usalama unaruhusu, na huko pia kuuliza kunakuja kwanza.

Kikundi kikishuka, kinapita tena ofisini kufuta majina yake, hata kama ni usiku na basi inaita. Wanamwambia mlinzi walichoona: mti ulioanguka njiani, gogo la kuvukia ambalo limeoza, maji yaliyobadilika rangi saa fulani, alama za viatu mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu. Kikundi cha kesho kitaongozwa na habari hiyo. Bote zinaoshwa na kugeuzwa chini juu nje ya mlango, na kabla ya kuzivaa tena zinapigwa-pigwa, sababu nge wanapenda mahali palipolowana.